Vuta Pembe Kwanza

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya mfarishi wa viraka uliopewa zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Dar es Salaam. Umetundikwa ukutani, umemulikwa taa, watu wanapiga picha. Mama mmoja wa kamati akatuambia rangi zake zinaimba. Huenda zinaimba. Mimi sikusikia, maana macho yangu yalikuwa chini kwenye upindo, na upindo ulikuwa unapanda na kushuka kama bahari ya kusi. Nikaomba niushike, nikakatazwa. Kitu cha kujifunika usiku, mchana hakishikwi!

Basi ngoja niseme, maana tukinyamaza sisi tuliokulia chini ya meza za mafundi cherehani tukiokota vipande, watasema wanaopiga picha.

Kwanza hakikisha ni mabaki kweli. Siku hizi mtu anakwenda Kariakoo, ananunua vitenge vizima, anavikata miraba iliyolingana kama vigae vya bafuni, anavishona, halafu anatuambia ametumia mabaki. Mabaki hayalingani. Yana mpindo wa shingo ya gauni, yana nusu duara ya kwapa, yana ule mkia mrefu mwembamba unaobaki fundi akishatoa mikono. Ukiona ua lilelile, kwa ukubwa uleule, mara ishirini, hapo hakuna kilichobaki, kuna kilichonunuliwa. Na afadhali huyo ameshona. Nimewahi kuuziwa, tena kwa viapo, kitambaa kimoja kilichochapishwa picha ya viraka, kikapitishwa bandi ya mashine juu yake ili kidanganye mkono. Nilipokigeuza sikukuta mshono hata mmoja. Ujanja wa kiraka cha pambo si wa leo wala si wa kwetu peke yetu: Sudan ya karne ya 19 wafuasi wa Mahdi walivaa jibba zenye viraka kuonyesha ufukara wao, na haukupita muda viraka vile vikawa vinapimwa na kushonwa sawasawa pande zote mbili, juu ya nguo isiyo na tundu.

Wala mtu asiniambie kuunga vipande ni sanaa ya wageni. Leso yenyewe, kwa masimulizi ya pwani, ilizaliwa kwa kuunga: wanawake walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata mikanda miwili ya leso tatu tatu, wakaiunganisha kwa urefu, ikapatikana nguo moja ya leso sita.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo kila anayeanza hulipita akikimbilia rangi. Ni uzi. Sisemi uzi wa kushonea, nasema uzi wa kitambaa chenyewe, umelala upande gani ndani ya kila kiraka. Mtande hauvutiki. Mshindio huvutika kidogo. Mshazari huvutika kama mpira, na ukishavutika haurudi. Kitambaa kizima kina ukingo wa kiwandani wa kukuelekeza, lakini kipande ulichookota sakafuni hakina ukingo, hakina juu wala chini, na maua ya kitenge hukudanganya kwa sababu ua halijui uzi. Hapo ndipo fundi na mpenda rangi wanapoachana.

Shangazi yangu wa Tanga alipatwa na mtoto wa jicho kabla hajafika miaka sitini, na mifarishi yake bora aliishona baada ya hapo. Tulikuwa tunammwagia gunia la mabaki mkekani. Anachukua kipande, anakishika kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu karibu, anakivuta ghafla na kusikiliza. Kipande kikilia *ta!* kwa sauti kali, amepata mtande. Kikilia *du*, sauti nzito ya kifuani, huo ni mshindio. Kisipolia kabisa, kikawa kinanyooka tu mkononi, ameshika mshazari. Alivipa majina: msemaji, mwenye mafua, na bubu. Kila kipande alikizungusha mpaka ajue ubavu upi ni msemaji na upi ni bubu, kisha akatia fundo dogo la uzi mweupe kwenye ubavu wa msemaji. Sisi watoto tulicheka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yale mafundo ndiyo yaliyokuwa mchoro wake wote.

Sheria yake ilikuwa moja. Ubavu bubu hushonewa kwenye ubavu wa msemaji, ili mmoja amshike mwenzake. Bubu wawili wakikutana kwenye mshono mmoja, hakuna wa kumsemea mwingine, na mshono utarefuka kila ukifuliwa. Na pembeni kabisa mwa mfarishi, ambako mikono huvuta usiku kucha, wakae wasemaji watupu. Ndiyo maana nilitazama upindo wa ule wa zawadi ya kwanza kabla ya kitu kingine. Mawimbi yale ni mabubu waliopangwa foleni.

Kwa hiyo ukitaka kupima mfarishi, acha kurudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja kama mchoraji. Sogea. Shika pembe mbili za upande mmoja, vuta, achia. Ukirudi ulivyokuwa, endelea kutazama. Ukibaki umelegea, sifia rangi uondoke.

Lakini mjue na wanga. Nilimfahamu fundi mmoja, hodari wa maneno, aliyekuwa akichovya mabubu yake kwenye wanga mzito wa muhogo, anayapiga pasi mpaka yanakakamaa kama karatasi, ndipo anayashona popote. Siku ya kukabidhi kazi pembe zake zilikuwa kali kama za bahasha. Maji ya kwanza yakauondoa wanga, mfarishi ukaota kitumbo katikati, ukamrudia ukiwa umekunjwa kwenye mfuko wa sandarusi. Wanga si dhambi, hata mimi hutumia wakati wa kukata. Dhambi ni wanga kuwa ndio ulioshika kazi. Basi kunja kona ya mfarishi kisha uiache: pamba hufunguka polepole, wanga hubaki na mkunjo mweupe.

Wapo ninaowasamehe kuhusu uzi, nao ni Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi, na hawaungi viraka kwanza kama sisi. Wanatandaza bitana, wanaanza pembeni wakiingia katikati, wanakunja makali ya kila kiraka na kupiga bandi kwa mkono hapohapo, mstari juu ya mstari. Bandi zile zinakigandamiza kila kipande kwenye bitana, hata bubu hana pa kwenda. Wakimaliza wanabandika kwenye pembe vipembetatu vidogo wanavyoviita phula, maua, na mfarishi usio navyo huuona uko uchi. Ile ni hesabu nyingine, na ni hesabu sahihi.

Nisiowasamehe ni wanaopinda mishono halafu wakanitajia Gee's Bend. Ndiyo, wanawake weusi wa kijiji kile cha Alabama walishona mistari isiyonyooka, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York. Lakini wale walikata suruali za kazi zilizochakaa, ukaona mahali mfuko ulipobanduliwa buluu bado imekoza, na walijua kila kipande kitavumilia nini. Kupinda kwao ni uamuzi. Kwako ni mkasi butu.

Mengine nitayasema haraka. Pasi hubandikwa, haisuguliwi. Kanga nyekundu ifuliwe peke yake mara tatu kabla haijakaribia nyeupe. Nailoni isiingie: choma uzi mmoja, ukiacha jivu ni pamba, ukiacha shanga ngumu peleka kwenye dekio. Kipande cha jina la kanga kikatwe pale neno linapoishia, usituachie nusu ya herufi. Sura ya mgombea kwenye kanga za kampeni isikatwe puani. Ama iingie nzima ama isiingie. Zambarau isizidi viraka vitatu. Usiniulize kwa nini, tazama tu wenye vinne.

Kusema kweli hata mabaki yenyewe yamepungua utu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipoanza kazi mwaka 1968 na miaka mingi baadaye, kipande cha kanga kilichotupwa sakafuni kilikuwa pamba ya kuaminika; ukikivuta kinakujibu. Leo navuta vipande kumi kwa fundi wa jirani, saba havisemi lolote upande wowote. Yeye mwenyewe siku hizi anavifagia vyote kwenye kiroba vikajaze mito, na simlaumu sana.

Mfarishi wa shangazi ninao, umefuliwa kwa miaka zaidi ya thelathini, pembe zake nne bado zinakutana ukiukunja. Ule wa maonyesho hautafika mwaka. Kitambaa chake lakini ni kizuri, na aliyeushona ana jicho la rangi, hilo silikatai. Ukifumuliwa kwa uangalifu utatoa foronya nane.