Asili na Maana za Neno Omukama

Katika nchi ya Bugene, na Karagwe kwa jumla, mtawala wa zamani aliitwa omukama. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi kuhusu asili ya neno hili ni kwamba limetokana na okukama, yaani kukama ng'ombe. Omukama basi ndiye mwenye kukama. Maelezo hayo yamepita kutoka vinywani hadi katika maandishi ya wasomi, na wengi wameyapokea bila kuyapima.

Kwa upande wa umbo, hoja si dhaifu. Mzizi wenyewe ni wa kale katika lugha za Kibantu. Kiswahili nacho kinao katika kitenzi kukama, ijapokuwa siku hizi kukamua kumeshika mahali pake. Wapinzani husema kwamba jina la mtenda huishia kwa -i: Kihaya na Kiganda husema omulimi, na Wanyamwezi humwita mtawala mtemi, neno ambalo kwa kawaida huhusishwa na kutema. Wamefanya haraka. Kiswahili chatoa mganga katika kuganga, wala hakuna asemaye mgangi. Vokali ya mwisho hairuhusu kukata shauri, si huku wala huku.

Shida iko katika maana. Hapana shaka kwamba ng'ombe walikuwa na heshima kubwa katika ikulu ya Bweranyange. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walikuta wanawake wa jamaa yake wakinenepeshwa kwa maziwa, na miongoni mwa vifaa vya ufalme kulikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma. Roscoe naye, katika kitabu chake cha 1923, alieleza kwa urefu taratibu za maziwa katika ikulu ya Bunyoro, ambako mfalme huitwa Omukama vile vile. Lakini mambo haya yaonyesha jinsi watu wa ikulu walivyoweza kulifahamu neno walilokuwa nalo; hayaonyeshi neno lilivyozaliwa. Katika Busoga, nchi ya migomba na mashamba, Mukama ni jina la shujaa ambaye koo kadhaa za watawala hudai kuwa ni babu yao. Tena kukama, kwa maana yake pana, ni kubana kitu hata umajimaji ukatoka, na kazi hiyo haimhitaji mfugaji peke yake. (Raia aliyetozwa ushuru angeweza kutoa etimolojia yake mwenyewe.)

Jambo hili si mchezo wa maneno. Katika kitabu chake cha 1863 Speke alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wafugaji wageni waliotoka upande wa Ethiopia. Msomaji akiisha kuikubali nadharia hiyo, omukama mwenye kukama hugeuka kuwa ushahidi: cheo ni cha mfugaji, basi ufalme pia ni wake, na mkulima alikuwa mtu wa kutawaliwa tangu mwanzo. Lakini masimulizi ya Karagwe yenyewe humtaja Nono wa ukoo wa Basita aliyetawala kabla ya Ruhinda, mwanzilishi wa nasaba ya Wahinda. Etimolojia isiyothibitishwa haiwezi kumwondolea Nono ufalme wake.

Maana za baadaye zina njia iliyo wazi zaidi. Katika Kiganda mukama ni bwana wa mtumishi, na Mukama, bila vokali ya mwanzo, ni Mungu. Watafsiri wa Biblia walilitumia pale ambapo Kiswahili kimeweka Bwana. Ulinganifu huo haukamiliki, kwani Bwana hakupata kuwa cheo cha mfalme, hali omukama alikuwa na kiti, ngoma na watu wa kumtii. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963, na tangu hapo neno hili limebaki zaidi katika sala na katika historia. Mtunga kamusi hana budi kuweka kwanza maana ya mtawala, kisha bwana, kisha Mungu. Na mbele ya okukama aandike "huenda".