Moshi wa Amouage hapa Rubondo

Interlude Man ni marashi ya mwaka 2012 ya Amouage, kampuni ya Oman iliyoanza 1983. Rafiki wa Mbarara alinimiminia kidogo kutoka chupa yake. Mwanzoni ni fujo kabisa: majani makavu, viungo, moshi kama wa nguo iliyolala jikoni. Mimi hiyo fujo naipenda. Ninachokataa ni kule wauzaji kuyaita marashi ya namna hii "ya Mashariki", ati yana siri. Siri gani? Ubani ni utomvu tu: mti unachanjwa, unatoa machozi, yanakauka, watu wanakusanya, Dhofar kule Oman na kaskazini ya Somalia. Na Wasomali tunao hapa hapa Nakivale. Pita Base Camp jioni, utasikia uunsi unafuka kwenye dabqaad, chetezo chao, mama anafukiza shuka. Kwake ni kazi ya nyumbani, na uunsi wake, wenye sukari ndani, ni mtulivu kuliko hii chupa. Ila baada ya saa nne, juu ya jasho na vumbi letu, Interlude inatulia, ubani unabaki peke yake, mtamu. Wengine wanauliza: posho imepunguzwa, mkimbizi na marashi ya bei hiyo wapi na wapi? Kwani pua nayo imepunguzwa? Matone mawili yanatosha. Ukiongeza la tatu, usipande nalo teksi ya Mbarara madirisha yakiwa yamefungwa.