Wanaoanguka kwa Niaba ya Stelingi

Mcheza hatari wa sinema za kauboi hulipwa ili aanguke: kutoka mgongoni mwa farasi, kutoka kwenye paa la baa, kutoka kwenye gari linalokokotwa na farasi sita wanaotimua mbio. Huvaa nguo za stelingi na kuipa kamera mgongo. Uso unapohitajika, stelingi hurudi mahali pake akiwa hana hata vumbi. Siku ambayo hakuna wa kuangukiwa, mtu huyohuyo hupewa kofia nyingine na kuwa mhusika mdogo: jambazi wa tatu kutoka kushoto, mlinzi wa benki, au mpiganaji wa Kiapache anayepigwa risasi mara tu anapochomoza kilimani. Anaweza kufa mara kadhaa katika filamu moja na bado akaonekana amesimama makaburini adui anapozikwa.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa fani yenye kanuni zake ni Yakima Canutt, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Washington. Alianza kama mpanda farasi wa mashindano, akawa bingwa wa mashindano ya Pendleton mwaka 1917, kisha akaingia kwenye sinema bubu na kwa muda akawa stelingi wa picha ndogondogo za kauboi. Mafua makali yaliyompata akiwa katika jeshi la majini yaliharibu sauti yake. Sinema zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ile ikawa haifai tena kwa stelingi. Kilichobaki ni mwili na ujuzi wa farasi, na kwa hivyo viwili akajenga kazi nzima upya.

Tukio lake mashuhuri zaidi limo katika Stagecoach, filamu ya John Ford ya mwaka 1939. Canutt, akiwa amevaa kama Mwapache, anaruka kutoka kwa farasi wake na kutua juu ya farasi wa mbele wa gari la abiria. Ringo, anayeigizwa na John Wayne, anampiga risasi. Anaporomoka katikati ya farasi, ananing'inia kwenye mti wa kati huku miguu ikiburuzwa mchangani, anapigwa risasi ya pili, anaachia. Farasi wote wanapita juu yake, halafu gari lenyewe. Hakuna hila ya kamera hapo. Siri iko katika kulala sawasawa kama mshale, mikono imebanwa, ndani ya uwazi mwembamba ulio kati ya kwato na kati ya magurudumu. Na farasi lazima wakimbie kasi, kwa kuwa farasi wa mwendo wa polepole huyumba, na akiyumba humkanyaga mtu. Katika filamu hiyohiyo Canutt pia alivaa nguo za Wayne na kuruka farasi hadi farasi kwa niaba yake. Ringo, kwa maneno mengine, alimpiga risasi mtu aliyekuwa akimwazima mwili.

Ufundi mwingine hauonekani kabisa, na huenda ndio mkubwa zaidi. Vikuku vya tandiko vilitengenezwa upya vikawa wazi upande mmoja, mguu usinase mtu anapodondoka. Mahali pa kuangukia huchimbwa na kujazwa mchanga laini, kisha hufunikwa ili pafanane na ardhi ya kando. Katika mapigano ya ngumi, Canutt na Wayne walizoea mtindo wa kuipitisha ngumi mbele ya uso bila kugusa, kamera ikiwa imewekwa pembe inayoficha nafasi iliyobaki. Nusu ya kazi ni ya anayepiga. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni ya anayepigwa, ambaye lazima kichwa chake kigeuke kwa wakati uleule. Akichelewa kidogo, mtazamaji wa kibanda umiza atacheka.

Fani hii ina doa lake. Kwa miaka mingi farasi waliangushwa kwa waya: miguu ya mbele hufungwa waya mrefu, ncha ya pili hufungwa kwenye kigingi kilichofukiwa, na waya ukikazika mnyama hubwagwa kichwa mbele. Canutt mwenyewe aliutumia mtindo huo. Farasi wengi waliumia, wengine wakafa. Baada ya farasi kutupwa jabalini na kufa katika utengenezaji wa Jesse James, filamu nyingine ya 1939, malalamiko yalikuwa makubwa, na tangu 1940 shirika la American Humane likaanza kusimamia wanyama wa Hollywood. Ndipo farasi wa kufunzwa akashika nafasi: mpandaji huvuta hatamu upande mmoja, shingo hugeuka, na mnyama hujilaza mwenyewe kwenye mchanga laini.

Mwaka huohuo wa 1939 ndio ulioiunganisha sinema ya kauboi na njia ya misafara iliyopita Tabora. Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King, inaanzia Magharibi ya Marekani kabla ya kumvusha mwandishi wa habari Stanley hadi Afrika kumtafuta Livingstone. Si uzushi mtupu, kwani Henry Stanley wa kweli aliripoti vita dhidi ya Wahindi Wekundu mwaka 1867. Spencer Tracy, aliyemwigiza, hakukanyaga Afrika kwa ajili ya filamu hiyo. Kikosi cha Otto Brower ndicho kilichokuja kupiga picha Kenya, Uganda na Tanganyika, na Stanley anayeonekana kwa mbali akipita mbugani ni mtu mwingine ndani ya nguo zake. Mwenzi wake wa safari, Jeff Slocum, aliigizwa na Walter Brennan, aliyeanza miaka ya 1920 kama mtu wa kujaza picha na mcheza hatari. Ajali ya mwaka 1932 ilimng'oa meno mengi. Badala ya kumfukuzisha kazi, pengo hilo likampa uwezo wa kuwa mzee wakati wowote atakapo, na akashinda tuzo tatu za Oscar za mwigizaji msaidizi.

Misururu ya wapagazi ndiyo iliyobeba picha hizo, na majina yao hayamo kwenye orodha ya waigizaji. Hapo historia inaishinda sinema. Msafara halisi wa Stanley wa 1871 ulifika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwezi Juni, ukakwama kwa vita vya mtemi Mirambo, ukaondoka Septemba kuelekea Ujiji. Na Stanley, pamoja na ukali wake wote, aliwataja wengi wa watu wake kwa majina katika kitabu chake cha 1872: Bombay, Mabruki, Uledi, Ferajji mpishi, Asmani kirangozi. Mpagazi wa kweli alikuwa na mkataba na mshahara uliojulikana. Aliyemwigiza alipotea. Hata ubebaji wenyewe hurahisishwa: Wanyamwezi walizoea kubeba begani na watu wa pwani kichwani, lakini sinema mara nyingi humtwika kila mtu kichwani.

Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, alipita njia hiyo na wapelelezi Burton, Speke, Stanley na Cameron, na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha. Filamu ya Mountains of the Moon ya 1990 ilimpa walau uso, kwa uigizaji wa Paul Onsongo. Picha za Afrika za filamu hiyo zilipigwa Kenya. Tabora, ambayo Burton aliiita Kazeh, nayo ilichezewa na mbadala.

Canutt mwenyewe alifika Afrika Mashariki kwa ajili ya Mogambo ya 1953, filamu nyingine ya Ford, akiwa miongoni mwa walioongoza kikosi cha pili. Sehemu moja ya filamu hiyo ilipigwa Mto Kagera, na stelingi alikuwa Clark Gable, ambaye Canutt alishawahi kumchezea hatari katika Gone with the Wind. Miaka michache baadaye mwongozaji Howard Hawks alimleta Wayne Momella, karibu na Arusha, kupiga Hatari!, iliyotoka 1962. Humo waigizaji wenyewe waliwafukuza vifaru kwa gari chini ya uangalizi wa mkamataji wanyama Willy de Beer. Waliosimama na kamba nyuma ya mastaa walikuwa wafanyakazi wa kazi hiyo hasa, si waigizaji.

Tabora yenyewe ilitoa mwigizaji kwa njia nyingine. Rashidi Kawawa, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwaka 1952, na miaka kumi baadaye akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Huyu hakuhitaji kuanguka kwa niaba ya mtu.

Canutt alipewa Oscar ya heshima kwa mchango wake katika fani, na akafariki mwaka 1986. Ilipita karibu miongo minne kabla ya Akademia ya Filamu ya Marekani kutangaza, mwaka 2025, tuzo ya kudumu ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayoanza na filamu za 2027.