Jiwe Halipigi Piano

Kuna aina ya muziki wa piano ambayo jina lake ndilo hufanya kazi yote. Unaona kichwa, "Alama za Mababu" au kitu kama hicho, na picha ya jiwe lililochongwa, halafu unabonyeza. Mkono wa kushoto unashikilia sauti tatu nne laini, mwangwi ni mwingi, na mkono wa kulia unatembea polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Sasa badilisha kichwa uandike "Mvua ya Kericho". Nani atashtuka? Hakuna.

Lalamiko la kawaida ni kwamba mtunzi hajui maana ya alama zile. Kusema kweli, mimi hilo halinisumbui. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis pale Kapkatet, si mbali sana na Longisa. Baadhi ziliitwa Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Waimbaji hawakuwa na haja ya kuelewa maneno yake. Walimchukua, wakampa jina linalotamkika, wakamweka kwenye chombo chao cha nyuzi, ndugu wa nyatiti. Kutoelewa hakukuwazuia, kwa sababu walichokiazima walikifanyia kazi kwa vidole vyao.

Hicho ndicho kipimo changu: je, alama imebadilisha kitu ambacho mikono inafanya?

Claude Debussy anapita, kwa shida kidogo. Katika kitabu cha pili cha Préludes, kilichotoka 1913, kuna kipande kiitwacho "Canope", jina la mtungi ambamo Wamisri wa kale walihifadhi viungo vya maiti. Debussy hatafsiri chochote. Anaanza na sauti zilizopangwa kwa safu, zikipanda na kushuka pamoja bila kuachana, hivyo mkono unabaki na umbo lilelile, mgumu, kama umechongwa. Hapo unasikia kitu, hata usipoambiwa jina la kipande.

Turudi nyumbani, sasa kaskazini, Turkana. Namoratunga, karibu na Lokori, kuna makaburi yenye mawe yaliyochorwa alama. Mwaka 1977 Mark Lynch na L. H. Robbins walichapisha hoja kwamba alama hizo zinafanana na chapa za mifugo. Mwaka uliofuata wakaandika kuhusu Namoratunga nyingine, ile ya Kalokol, wakisema nguzo zake zinalenga nyota. Wataalamu wamebishana sana kuhusu hilo la nyota, lakini nadhani unajua mtunzi wa piano atachagua lipi. Nyota, bila shaka. Nyota zinauza.

Mimi ningechagua chapa. Chapa ina kazi: ng'ombe wako atambulike hata akichanganyika na kundi la jirani. Lazima iwe fupi, na lazima itofautiane na ya jirani. Hiyo ni kanuni ya muziki tayari. Tunga vipande sita vya sauti nne au tano, vichanganye kwa mikono miwili, kisha uone kama msikilizaji bado anamtambua ng'ombe wake. Akimpoteza, chapa yako ni mbovu, rudi ukachonge tena.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Hyrax Hill, pale Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba 1937 na 1938. Juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa. Tofauti na alama nyingine, hizi huhitaji mtu akueleze, kwa sababu mkono bado unajua la kufanya: unachota kete za shimo moja, unazipanda moja moja mbele.

Sasa hamishia mchezo huo kwenye piano. Kila ufunguo ni shimo, na idadi ya kete ni idadi ya mara unaupiga. Ukichota, ufunguo ule unanyamaza, na wanne wanaofuata kila mmoja anaongezewa pigo moja. Mdundo unahama wenyewe, na kimya kinatokea mahali ambapo mkono umetoka kuvuna. Hakuna mwangwi unaohitajika. Kweli, kanuni peke yake inaweza kuzaa muziki mkavu kama jedwali; sikio lako ndilo litakaloamua pa kukata. Lakini angalau sikio litakuwa na kitu cha kukata.

Naandika haya nikimfikiria kijana wa Longisa mwenye kibodi ya kanisa, yenye midundo iliyowekwa tayari kiwandani. Anaambiwa pande mbili: ama apige kama Ulaya, ama abandike "asili" juu ya kichwa cha wimbo ili wageni wafurahi. Zote mbili zinamwachia mikono ileile. Bao linampa njia ya tatu, nalo halimwombi awe mtaalamu wa mambo ya kale. Linamwomba ahesabu.

Kwa hiyo ukikutana tena na muziki wenye jiwe kwenye jalada, funika jina, usikilize. Kama jiwe limetoweka pamoja na jina, basi halikuwahi kuwa ndani.