Paka, Gunia la Mahindi na Mashine ya Kusafisha Hewa

Mtu mwenye mzio wa paka anayetafuta mashine ya kusafisha hewa kwa ajili ya nyumba yake Songea huanza na bei, kisha hutazama taa na vitufe. Jambo litakaloamua kama fedha yake imefanya kazi halimo dukani, limo katika chumba anacholala. Ninashikilia kwamba mashine hii ichaguliwe kwa vipimo vya chumba kimoja kinachofungika, na inunuliwe baada ya paka kuzoeshwa kutoingia humo. Kabla ya hapo ni mapema mno.

Wengi huyalaumu manyoya, lakini kinachochokoza pua na mapafu ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye tezi za ngozi na mate ya paka. Akijiramba huipaka mwili mzima, nayo ikikauka hupeperuka na chembe ndogo sana. Vumbi lenye mabaki ya utitiri wa godoro hutua ndani ya dakika chache, ilhali sehemu ya chembe za paka huelea kwa saa nyingi. Hapo ndipo mashine inapopata hoja ya kuwepo, kwa sababu huchuja kile tu kinachopita ndani yake. Hapo hapo pana udhaifu wake. Mwaka 1998 Robert Wood na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 35 wenye mzio wa paka, waliofuatiliwa kwa miezi 3. Baadhi walipewa mashine yenye kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe ndogo sana, wengine mashine ya kuigiza tu. Protini iliyokuwa hewani ilipungua kwa waliopata mashine halisi, lakini dalili za ugonjwa hazikuonyesha nafuu ya kueleweka, na vumbi lililokwisha kutua lilibaki na protini yake. Matokeo hayo hayatufundishi kuidharau mashine. Yanatufundisha kwamba godoro, pazia, zulia na nguo ni ghala linaloirudisha protini hewani kila mtu anapojigeuza kitandani.

Atatokea wa kuuliza: kwa nini paka asiondolewe kabisa, mambo yakaisha? Kitabibu ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na mwenye pumu kali anapaswa kuizungumza na daktari wake bila kuona haya. Lakini Songea iko Ruvuma, mkoa wa mahindi, na katika nyumba nyingi paka ndiye mlinzi wa magunia dhidi ya panya. Kumwondoa kunaokoa pua na kuhatarisha chakula cha mwaka. Tena nafuu haiji siku hiyo hiyo, maana protini huweza kuchukua miezi kadhaa kupungua ndani ya nyumba. Kumwosha husaidia, ila ndani ya wiki moja hivi hali hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo njia ya kati ina mantiki: paka abaki stoo na uani, mlango wa chumba cha kulala ufungwe mchana kutwa, zulia litoke, godoro na mito vivalishwe mifuko isiyopitisha vumbi, mashuka yafuliwe kila wiki.

Baada ya hayo ndipo hesabu inapoanza. Tazama juu kwanza. Nyumba isiyo na dari, ambamo ukuta wa chumba unaishia chini ya bati, ina hewa moja kwa vyumba vyote, na hakuna mashine ya chumbani itakayoimudu. Fedha iende kwenye dari. Chumba chenye dari, cha mita 3 kwa 4 na kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 36. Ukitaka hewa yake ichujwe mara 5 kwa saa, unahitaji mashine inayotoa mita za ujazo 180 za hewa safi kwa saa. Kiasi hicho huandikwa kwenye kasha kwa herufi CADR. Pale ambapo wametumia futi za ujazo kwa dakika, tafuta 106 au zaidi. Usishawishiwe na maneno kwamba kichujio ni “mfano wa HEPA”, maana hayaahidi kiwango chochote. HEPA ya daraja la H13 hunasa asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu kuliko zote kunaswa. Na mashine inayojivunia kutoa ozoni iache dukani: gesi hiyo huwasha njia ya hewa, na jimbo la California limeweka kikomo cha sehemu 0.050 kwa milioni kwa mashine zinazouzwa huko.

Gharama haiishii dukani. Mashine ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hula karibu uniti 29 za umeme kwa mwezi, na kwa familia iliyo katika daraja la nafuu la uniti 75 kwa mwezi, hizo zinaweza kuivusha kwenye bei ya juu. Kuiwasha kwa saa 10 tu kila siku, kuanzia kabla ya kulala, hushusha matumizi hadi uniti 12. Uliza pia kama kichujio cha akiba kinapatikana na kwa bei gani, kwa kuwa kikishajaa mashine inabaki feni ya kawaida.

Pingamizi zito zaidi linahusu madirisha: kwa nini ununue mashine ilhali upepo ni wa bure? Kwa miezi mingi jibu ni hilo hilo, fungua. Juni na Julai, baridi ya Songea inapofunga madirisha, ndipo protini hujikusanya na mashine hupata kazi yake ya kweli. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo jiko la mkaa huingizwa ndani ili kuota moto, na hapa sina nafasi ya kulegeza neno: HEPA hunasa chembe, haizuii gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa. Gesi hiyo haina harufu, na inaua watu usingizini. Ukiwa na mashine au usiwe nayo, toa jiko nje kabla ya kufunga mlango.