Tuzo ya Gando: tunapongeza nani?

Wakati Francis Kéré alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza, wengi wetu tuligawa picha tu. Tuangalie kazi yenyewe. Shule ya msingi ya Gando, kijijini kwake kule Burkina Faso, iliisha mwaka 2001. Matofali ni udongo wa palepale na simenti kidogo. Mabati yameinuliwa juu ya dari, hewa inapita katikati, joto inatoka. Na wanakijiji njo walijenga.

Kwangu, tuzo ya Aga Khan ya 2004 ndiyo ilipima vizuri zaidi. Pritzker inapongeza mtu. Aga Khan inapongeza jengo, inatuma watu kulitazama palepale, inahesabu hata mafundi na wenye jengo.

Kwetu kuko utepe, hotuba, na kibao cha mfadhili (hicho hakikosi rangi!). Kisha upepo unang'oa bati, na hakuna fundi wa kijiji mwenye alionyeshwa namna lilifungwa. Siku mtaniweka kwa juri, nitaanza kwa huyo fundi: paa ikitoboka, utaiweza?