Jinsi Mbuzi wa Girgenti Alivyorudishiwa Bei

Anayemwona mbuzi aitwaye Girgentana kwa mara ya kwanza huishia kwenye pembe. Zinapanda wima kutoka utosini, zimejisokota kama parafujo, na za beberu huwa ndefu kiasi cha kumtisha mgeni. Manyoya ni marefu, meupe, yenye madoa ya kahawia kichwani na shingoni. Kwa sababu ya pembe hizo wapo wanaosema ni mzao wa markhor, mbuzi-mwitu wa milima ya Pakistani na Afghanistan. Hadithi hiyo tuiache. Mbuzi wanaofugwa duniani wametokana na mbuzi-mwitu mwingine, bezoari wa Asia Magharibi, na isitoshe pembe hazikamuliwi. Kinachostahili kuchambuliwa ni jinsi mnyama huyu alivyopoteza soko lake na jinsi alivyotafutiwa jingine.

Jina lake linatokana na mji wa Girgenti, kusini mwa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, ambao tangu 1927 unaitwa Agrigento. Zamani mchungaji aliingia mjini asubuhi na kundi lake, akapita mlango kwa mlango na kukamua pale pale kizingitini. Mama mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani alitoa chombo, akasimama kuangalia, akalipa. Maji yasingeweza kuongezwa mbele ya macho yake. Kwa biashara ya namna hiyo Girgentana alifaa sana: mpole, hana makuu, na maziwa yake yana uwiano mzuri wa mafuta na protini. Katika karne iliyopita mkoa wa Agrigento ulikadiriwa kuwa na mbuzi hawa wapatao 30,000.

Pigo lilitokea kwa jirani. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitambua kisiwani Malta kijidudu kinachosababisha homa ya muda mrefu iliyokuwa ikiwaangusha askari. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, Mmalta, akagundua kijidudu hicho kwenye damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, na ikabainika kwamba homa ile huingia kwa maziwa mabichi. Ni ugonjwa uleule ambao wafugaji wetu huuita wa kutupa mimba, bruselosi. Kuanzia hapo ukamuaji wa mlangoni haukuwa na utetezi. Kanuni za afya ziliwaondoa mbuzi mijini, na kwa haki. Ila hakuna aliyekaa na mchungaji kumwuliza kesho atauza nini.

Akiwa nje ya mji, Girgentana aliingizwa kwenye mashindano ya lita, na humo alikuwa na wapinzani wazito. Wengi waliuza kundi wakachukua mbuzi wa kukamuliwa zaidi. Kufikia miaka ya 1990 waliobaki walihesabika kwa mamia. Chama cha kitaifa cha wafugaji wa kondoo na mbuzi kinawatunzia daftari la uzao, lakini daftari huandika tu waliopo. Halimshawishi mtu kuendelea kufuga.

Kilichobadilisha hesabu ni kaseini, yaani protini ambayo maziwa yakitiwa kigandishi ndiyo hushikamana ikawa jibini. Mbuzi ana aina kadhaa za kaseini, na mojawapo, alfa-s1, inategemea sana jeni aliyorithi. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Ufaransa, akiwemo François Grosclaude, walionyesha kwamba jeni hii ina matoleo mengi yenye nguvu tofauti. Kila nakala ya toleo lenye nguvu huchangia takriban gramu 3.6 za protini hiyo katika lita. Toleo la kati, 1.6, dhaifu, 0.6, na lipo lisilotoa kitu. Kila mnyama hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Fanya hesabu mwenyewe: mbuzi wawili wanaojaza ndoo sawasawa, mmoja ana zaidi ya gramu 7 kwa lita, mwenzake gramu moja na kidogo.

Tofauti hiyo huonekana mezani bila maabara. Maziwa yenye alfa-s1 nyingi huganda mgando mgumu, ukikatwa kwa kisu unabaki na kingo, na hutoa jibini nyingi. Yenye kidogo huganda kwa ulegevu, sehemu ya protini hutoroka na maji, na jibini yake hutoa zaidi ile harufu ya beberu. Uchunguzi wa Girgentana ulikuta matoleo yenye nguvu ndiyo yaliyotawala. Mbuzi aliyeshindwa kwa lita alikuwa na hoja kwenye mgando. Wanorwe wanalijua jambo hili kwa uchungu: mbuzi wao wengi walibeba toleo lisilotoa kitu, na maziwa yakawa mepesi yenye kasoro ya ladha. Ni mbuzi wa asili hiyo walioletwa Mgeta, Morogoro, miaka ya 1980.

Harakati za Slow Food ziliwaingiza Girgentana kwenye mpango wao wa kulinda vyakula vilivyo hatarini, na jibini ikauzwa kwa jina la mbuzi. Jina likipata bei, ulaghai hauko mbali: ni rahisi kuchanganya maziwa ya mbuzi mwingine. Watafiti wa Palermo walilishughulikia hilo kwa ustadi. Maziwa hubeba seli za mnyama, na DNA ya seli hizo hubaki hata ndani ya jibini. Badala ya kutafuta alama ya Girgentana, walitafuta alama walizonazo mbuzi wengine wa Sisilia, kama Maltese, ambazo Girgentana hana. Ikionekana kwenye jibini, maziwa ya kigeni yameingia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua bora katika mpango mzima, kwa kuwa inamlinda mfugaji mwaminifu bila kumtaka aape.

Udhaifu haujaisha. Kundi ni dogo, na anayechagua mabeberu kwa jeni moja tu atawapandisha ndugu kwa ndugu upesi. Kaseini iwe kigezo kimoja kati ya kadhaa, na ukoo wa beberu uangaliwe kwanza.

Nawe unayefuga mbuzi wa maziwa na kufikiria jibini, kabla hujanunua beberu kwa sifa za lita, omba maziwa ya mama yake na ya dada zake. Yapashe kwanza joto la nyuzi 63 za Selsiasi kwa nusu saa kwa usalama, bila kuyachemsha kwa kuwa yaliyochemka hayagandi vizuri, kila moja kwa kipimo kimoja na joto moja, yapoze yawe vuguvugu, tia kigandishi kiasi kilekile, ngoja muda uleule, kisha kata kwa kisu. Maziwa ya mbuzi unayemfuga sasa yawekwe hapo pembeni yalinganishwe.